Stempu Niliyoikata Kabla ya Barua Kusomwa

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilikuwa na mali mbili: daftari la hesabu lenye stempu mia mbili na kumi na nne, na maringo. Daftari lilipotea tulipohama nyumba, na hadi leo namshuku mtu mmoja wa familia ambaye sitamtaja, kwa sababu bado tunakula naye Krismasi. Maringo yalipungua kidogo kidogo, na kisa hiki ndicho kilichoyapunguza zaidi.

Kwetu ni upande wa Kalamba, Makueni, enzi hizo tukihesabiwa bado kuwa wilaya ya Machakos. Ilikuwa miaka ya sabini. Kulikuwa na stempu zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na nyingine za Kenya peke yake zenye picha za makombe ya baharini. Mimi bahari sikuwahi kuiona. Maji mengi niliyoyajua ni ya mto wetu wa msimu, unaojaa siku mbili kisha ukarudi kuwa mchanga. Lakini makombe niliyajua kwa rangi na kwa bei, na mtu akisema ametoka Mombasa nilimuuliza kama ameliona lile la senti thelathini. Hakuna aliyewahi kuliona, nami niliwadharau wote.

Stempu sikuzipata bure. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na barua za kijiji kizima zilikuja kwa sanduku la posta la shule, maana nani mwingine alikuwa na sanduku? Kila Ijumaa alirudi kutoka sokoni na barua ndani ya mfuko wa kaki. Mimi ndiye niliyezipeleka kwa wenyewe siku ya Jumamosi, na kwa kuwa wanawake wengi wa rika la nyanya zangu hawakusoma, mimi ndiye niliyewasomea. Waume na wana wao walikuwa bandarini Mombasa, au jeshini, au Nairobi wakifanya kazi ambazo barua hazikuzitaja. Nilijua mambo ya watu kupita umri wangu. Kuna mke aliyejua kwamba ana mke mwenza dakika moja baada yangu, kwa kuwa nilikuwa na desturi ya kuisoma sentensi kimya kwanza. Ada yangu ilikuwa moja tu, stempu. Nilisoma, nikaandika jibu kama nilivyoambiwa, nikakata kona ya bahasha na kwenda zangu. Wao waliona nimepunjika.

Baba aliweka sheria moja. Barua ifunguliwe na mwenyewe, isomwe mpaka mwisho, ndipo stempu itoke. Niliiheshimu sheria hiyo miaka miwili, na ningeendelea kuiheshimu kama si binti wa shangazi yangu wa Kanyangi.

Shangazi aliolewa Kanyangi, upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, na binti yake alinizidi miaka miwili na stempu mia tatu. Alikuwa na albamu yenye jalada gumu, aliyopewa na mwalimu mzungu wa shule yao. Kila stempu ilishikwa na kibandiko chembamba mithili ya ngozi ya kitunguu, ukiinua unaona hadi mgongo wake. Mimi nilibandika kwa uji wa unga wa ngano. Niliupaka uji kwenye ukurasa, nikaweka stempu, kisha nikalikalia daftari mpaka zishike. Mende waliupenda sana mkusanyiko wangu. Binti wa shangazi alipolifungua daftari langu mara ya kwanza alilinusa, akalifunga, akaniuliza kama nina lingine.

Sitamnyima haki yake, alinifundisha mengi. Alinifundisha kutoing'oa stempu kwa kucha, bali kuikata pamoja na kipande cha bahasha, kukiloweka kwenye bakuli la maji, kungoja stempu ijitenge yenyewe, na kuianika juu ya gazeti. Aliyasema haya kwa sauti ya daktari. Nilimchukia, na nilihesabu siku mpaka aje tena.

Alikuja na mama yake mwanzoni mwa likizo ya Desemba, wakafika Alhamisi, waondoke Jumamosi alfajiri. Ijumaa kutwa nzima alinionyesha mapya yake. Alikuwa na stempu za pembe tatu. Alikuwa na moja yenye samaki wa Japani. Mimi nilikuwa na makombe, na makombe, na kichwa cha malkia wa Uingereza kwa rangi saba. Alizipitia kurasa zangu upesi, kama mtu anayetafuta namba ya wimbo kanisani, akasema kwamba kwa mtu wa Kalamba nimejitahidi. Jioni hiyo Baba akarudi na mfuko wa kaki, na barua ya juu kabisa ilikuwa ya Susu.

Susu ni nyanya kwa Kikamba. Huyu hakuwa nyanya yangu wa damu, alikuwa jirani, mjane, nyumba yake ikitazamana na yetu ng'ambo ya korongo. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekwenda Uingereza kusomea uuguzi nikiwa bado sijaanza shule. Barua za binti zilikuja kila mwezi, baadaye kila miezi mitatu, kisha zikakoma. Mwaka na zaidi ulipita. Kanisani watu waliacha kumuuliza Susu habari za mtoto, na kuacha huko kulimuuma kuliko maswali. Wengine walisema waziwazi kwamba msichana amepotea, kwao hakujui tena, wazungu wameshamfanya wao. Kila Jumamosi Susu aliniona nikipita njiani na barua za wengine, akaniamkia vizuri, na hakuniuliza kitu.

Basi hiyo ndiyo barua niliyoishika mkononi. Mtoto mwenye akili angevuka korongo mbio saa ile ile. Mimi nilitazama stempu.

Ilikuwa na malaika wawili wenye tarumbeta, rangi ya dhahabu kwenye samawati, mambo ya Krismasi. Karatasi yenyewe ilikuwa nyepesi, ya buluu, si bahasha nyeupe nilizozizoea. Sikuwahi kuona stempu nzuri namna ile, na nilikuwa na hakika Kanyangi pia hawakuwahi. Binti wa shangazi alikuwa jikoni akipepeta kunde. Angeondoka kabla ya jua kutoka. Nikingoja Susu asomewe kwanza, huyu asingeiona mpaka likizo ya Aprili, na kufikia Aprili atakuwa ameshapata kubwa kuliko hiyo.

Nilichukua wembe wa Baba. Niliilaza barua juu ya kitabu nikakata pande nne polepole, tabaka la juu peke yake. Nilipoiinua stempu nikaona kwa ndani mwandiko wa wino, mzima, haujaguswa. Nikamshukuru Mungu kwamba barua imo salama, nimekata bahasha tu. Nilipaka uji wangu kwenye ukurasa, nikaibandika stempu bila kuigeuza, nikalikalia daftari wakati wa chakula. Binti wa shangazi alipoiona aliinama mpaka pua ikakaribia ukurasa. Kisha akasema ya namna hiyo hana. Sijawahi kuonja muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kunde, mtamu kama wa jioni ile.

Jumamosi asubuhi, wageni wakiwa wameshaondoka, nilikwenda kwa Susu. Aliponiona nimesimama mlangoni na karatasi ya buluu aliweka jembe chini, akanawa mikono, akajifunga leso safi, ndipo akaketi. Alifungua kingo mwenyewe kwa kisu, akanipa.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo binti wa shangazi hakuwahi kunifundisha. Kuna barua za ndege zisizo na bahasha. Karatasi ni moja tu, huandikwa ndani, hukunjwa mara tatu, hugandishwa kingo, na stempu huchapwa papo hapo kwa nje. Mwandiko ule niliouona kupitia tundu ulikuwa wa mkunjo mwingine. Mgongoni mwa stempu pia palikuwa na barua.

Nilianza kusoma, macho yangu yakiwa yametangulia mbele kutafuta tundu. Binti aliandika kwa Kikamba chema. Alianza kwa kuomba msamaha. Alianguka mtihani, akaona haya kumwandikia mama yake kwamba fedha za harambee ya kanisa zimeanguka pamoja naye, akanyamaza, akarudia mwaka mzima. Sasa amepita. Susu aliniambia nirudie hapo pa kupita, nikarudia. Akaniambia tena. Ningefurahi aendelee kuniambia hivyo mpaka jioni.

Kisha nikasoma: "Mwaitu, mama yangu, nataka kuisikia sauti yako. Nimeuliza nimeambiwa inawezekana. Nitapiga simu kwa posta ya sokoni siku ya." Hapo palikuwa na tundu. Baada ya tundu: "saa nane mchana, saa za huko nyumbani. Wananipa dakika tatu tu. Tafadhali uwepo."

Siku hizo ndivyo mtu wa mbali alivyoweza kuongea na mtu wa kijijini. Simu ilikuwa moja, posta, na mtu aliyepo ng'ambo aliandika barua kwanza kutaja siku na saa, ili wewe uwe umekaa pale ikilia. Usipokuwepo, dakika zake zimekwenda na maji.

"Siku gani?" Susu akauliza.

Nilimwambia karatasi imetoboka. Aliichukua, akapitisha kidole kwenye tundu, akakizungusha pembezoni, pembe zote nne.

"Imekuliwa na panya?"

"Labda ni panya ya posta, Susu."

"Hii panya iko na wembe," Susu akasema.

Hakunikaripia. Alisema vile tu, akanirudishia karatasi, akangoja. Nilijaribu kuvumilia macho yale nikashindwa, nikamwambia yote, malaika na tarumbeta na binti wa shangazi, kisha nikakimbia nyumbani kuiokoa ile tarehe. Daftari lilikuwa limekauka sawasawa, uji umeshika kuliko siku zote. Nilifanya lile nililofundishwa. Niliutumbukiza ukurasa wote kwenye bakuli la maji na kungoja. Stempu ilijitenga vizuri mno. Maji yalikuwa yamegeuka buluu kama ya kufulia mashati meupe, na nilipoigeuza stempu mgongo wake ulikuwa safi, hauna hata nukta. Binti wa Susu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino wa chupa.

Baba hakunichapa. Ningependelea anichape. Aliisoma barua mara mbili, akaitazama stempu iliyolowa, akaketi kumwandikia binti wa Susu barua ya haraka, ingawa sote tulijua itafika huko baada ya mwaka mpya. Kisha akasema, "Saa tunajua. Siku hatujui. Basi ni kila siku." Na kwa kuwa ulikuwa msimu wa palizi, na Susu angepoteza nusu ya kila siku njiani, mimi ningelima shamba lake asubuhi, halafu nimsindikize sokoni, Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka simu ilie.

"Na kama imeshalia?" nikauliza.

"Omba haijalia," Baba akasema, na akanivalisha saa yake ya mkono ili nisije nikachelewesha mtu tena.

Kutoka kwetu hadi sokoni ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtu mzima mwenye haraka. Jumatatu Susu alivaa nguo ya kanisani na viatu alivyovibeba mpaka tulipokaribia maduka. Posta ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta, benchi, na karani mmoja aliyeuza stempu, kupokea vifurushi na kuendesha simu. Nilimweleza shida yetu, nikiiruka sehemu ya wembe. Susu akaiongeza mwenyewe.

Karani alitikisa kichwa. "Simu ya ng'ambo si kitu ya kila siku," akamwambia Susu. "Mwezi hii sijapata hata moja. Lakini kaa hapo kwa benchi, mama. Ikilia nitakuita." Hapo angalau tulijua hatujachelewa.

Simu ililia mara nne siku hiyo. Moja ilikuwa ya chifu, mbili za mfanyabiashara wa pamba, na ya nne mtu alikosea. Kila ilipolia Susu alisimama. Saa kumi tukarudi nyumbani.

Njiani tulifanya mazoezi. Dakika tatu si nyingi, na Susu alikuwa na miaka mitano ya maneno. Nilimwambia aseme yote anayotaka kumwambia bintiye, nami nipime kwa saa ya Baba. Alianza na ng'ombe mwekundu aliyezaa, akaja kwa paa jipya la kanisa, akapitia ndoa sita, mazishi manne, ugomvi wa mpaka na jirani wa chini, na mjomba wa msichana aliyefariki wakati wa kiangazi na maneno aliyoyasema kabla ya kufa. Dakika kumi na tisa. Nikamwambia apunguze. Jumanne alitoa ndoa. Jumatano ng'ombe alibaki lakini ndama akatoka. Nilijifanya mkali kama mkaguzi wa shule, na naona aibu kusema kwamba nilianza kufurahia. Mjomba alivumilia mpaka Alhamisi, kisha naye akaondolewa. Kufikia hapo tulikuwa na dakika mbili na nusu safi: hongera kwa mtihani, mimi ni mzima, kanisa halina neno na wewe, unarudi lini? Hilo la mwisho nililiweka mimi. Susu alikuwa haliulizi, nami niliona ni upuuzi kungoja wiki nzima usiulize la maana.

Posta ilikuwa imejaa watu wa kadi za Krismasi. Stempu zilikuwa kila mahali, shuka kwa shuka, harufu ya gundi ikinijia mpaka kwenye benchi. Siku hiyo ya Alhamisi karani aliniita, akanipa stempu nne zilizochanika pembeni, za makombe, pamoja na ile ya senti thelathini, akasema nimekaa vizuri kama mtu mkubwa. Nilizikataa. Usinisifu, nilijuta kabla hatujaufikia mto.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tulipofika mtoni, mto ule wa mchanga ulikuwa umejaa ukingo hadi ukingo na magogo yakipita katikati. Tulisimama kwenye ukingo. Saa ya Baba ikasema saa saba. Ikasema saa nane. Susu alikuwa ameshika viatu vyake na kunikazia macho mkononi, si usoni, na sikuthubutu kuuficha mkono. Maji yalipopungua tukavuka tumeshikana, tukaingia posta saa tisa na nusu, matope magotini. Karani alisema waya zimeanguka tangu asubuhi. Hakuna simu iliyoingia, na kama kuna aliyejaribu, yeye hana namna ya kujua.

Susu aliketi kwenye benchi hata hivyo. Nililia pale mbele ya watu wa kadi, kilio cha kweli chenye makamasi. Yeye hakulia. Alisema, "Kama ilikuwa leo, basi ilikuwa leo." Baadaye sana, tumeshafika karibu na kwake, akaongeza kitu ambacho hakuwa akiniambia mimi hasa. Alisema mtihani haumhusu sana. Barua mtu anaweza kuiandika vizuri akiwa na muda wa kufikiri. Alichotaka ni kumsikia mwenyewe, ajue kama bado ni wake au anamlilia mtu wa watu wengine.

Jumamosi na Jumapili posta ilifungwa. Jumatatu hapakuwa na kitu. Jumanne hapakuwa na kitu, na zilikuwa zimebaki siku chache sana Krismasi ifike. Nilikuwa nimeshalima shamba la Susu lote na kuanza kulirudia. Nilikuwa pia nimeacha kulihesabu daftari langu usiku kabla ya kulala, maana kila nikilifungua lilifunguka kwenye ule ukurasa uliolowa.

Jumatano simu ililia saa nane na dakika mbili. Karani aliinua, akasema Kiingereza, akasema tena kwa sauti ya juu zaidi, akageuka.

"Mama, kuja. Ng'ambo hiyo. Ni yeye."

Susu alikipokea kisikilizio kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu kutoka kwa mtu wa heshima. Nilisogea mpaka sikio langu likawa karibu na lake, nikainua saa ya Baba mbele ya macho yake. Kulikuwa na mvumo, kisha sauti ya mwanamke, ndogo lakini wazi, ikasema, "Mwaitu?"

Nilimfinya mkono aanze. Hongera kwa mtihani.

"Umeamkaje?" Susu akasema.

"Nimeamka vizuri, mwaitu."

"Watu wa huko wameamkaje?"

"Wameamka vizuri."

"Wenye nyumba unayolala?"

"Ni wazima, mwaitu."

"Na wazazi wao?"

Hakuna Mkamba anayeanza mazungumzo katikati. Mkubwa huuliza, mdogo huitikia, jambo kwa jambo, mpaka nyumba yote iwe imeulizwa, ndipo habari ifuate. Jambo hili nililijua tangu nilipoanza kuongea, na katika siku zote zile za kupima na kukata sikuwa nimelitilia hata sekunde moja. Susu alimsalimia bintiye kana kwamba amemkuta kwenye ukingo wa shamba. Alimuuliza mvua. Alimuuliza wagonjwa wake, na wauguzi wenzake, na watoto wa wauguzi wenzake. Niligonga saa kwa kidole. Nilimnong'oneza, "Unarudi lini, muulize unarudi lini." Aliusogeza mkono wangu pembeni kama unavyomsogeza kuku. Sasa ilikuwa zamu ya binti kuuliza, naye aliuliza kwa mpangilio ule ule, bila haraka, huko kwa wazungu ambako kila neno lilikuwa likimlia mshahara: wazee wameamkaje, watu wa kanisa, ng'ombe, yule mwekundu. Susu akaitikia kila moja. Mjomba akaulizwa kwa cheo chake, na Susu akasema kwa upole kwamba huyo amepumzika, na binti akasema, "Oo, mwaitu," na wote wawili wakanyamaza kwa sekunde ambazo niliziona zikipita moja moja.

Wakafika kwenye mbuzi. Sauti nyingine ikaingia kwa Kiingereza, kikasikika kitu kama mlango, mvumo ukakatika.

Nilikuwa na hasira hata sikuweza kumtazama. Siku zote zile, shamba zima la palizi, na hakusema hata moja kati ya tuliyoyapanga. Tulipotoka nje nikamwambia hivyo, kwa adabu kidogo kuliko nilivyolelewa.

"Lakini umemsikia," Susu akasema. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya leso na hakujali kwamba soko lote linaona. "Ameitikia yote. Hata ya wazazi wa wenye nyumba. Hakuna mahali alikwama. Huyo ni mtoto yangu, hajaenda mahali."

Safari ya kurudi ilituchukua saa tatu, kwa kuwa habari ilikuwa imetutangulia na kila tuliyekutana naye alisimama. Mwenye duka la kwanza aliuliza msichana anasemaje. "Anakusalimu," Susu akamwambia, "amekuuliza kwa jina." Mama mzee aliyebeba kuni akasalimiwa. Mwinjilisti akasalimiwa, na mkewe, na mtoto wao aliyezaliwa juzi ambaye binti hangeweza kumjua. Wale waliosema amepotea walisalimiwa zaidi ya wote, na Susu aliwashika mkono muda mrefu akiwafikishia. Binti hakuwa amemtaja mtu hata mmoja kati yao, dakika hazikumtosha. Nami, niliyesikia kila neno la simu ile, kila walipogeuka kuniuliza kama ni kweli, niliwajibu kwamba ni kweli, aliwasalimu wote.